Zamu ya Kumaliza Niliyomnyang'anya Mpishi

Hii hadithi sijawahi kumweleza mtu huku nimemtazama machoni, na hata leo naomba mniache nikate hizi sukuma wiki nikiongea, ili macho yangu yawe na kazi. Najua wengine wenu mliona ile video ya mbuzi, mkacheka mpaka mkashika mbavu, nami nikacheka pamoja nanyi kwa sababu ningefanya nini. Lakini ile video iliyozunguka kwa simu zenu imeanzia katikati. Aibu yangu yenyewe haiko kwa mbuzi. Mbuzi ningemsamehe.

Mnajua mimi ni mwalimu wa Biolojia, shule yetu iko ile barabara ya Namanga ukishapita Kisaju kidogo, na nyumbani ni hapa hapa Kitengela. Miaka miwili iliyopita daktari aliniambia presha imepanda na magoti yamechoka kunibeba, nitafute mazoezi. Nikaingia jimu moja iko juu ya duka la mabati, nikiwa nimevaa fulana ya Baba Kairu (mume wangu, na ile fulana hajawahi kurudishiwa), nikidhani nitapigapiga miguu kwa baiskeli isiyosonga halafu nirudi nyumbani. Nikakutana na kocha anaitwa Lemayian, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kwao ni Oltepesi, mpole, amesomea mambo ya michezo chuoni. Huniita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na siku ya kwanza aliniambia, "Yeyo, baiskeli utaendesha, lakini dawa yako ni chuma." Akaniwekea chuma kitupu mabegani, bila uzito wowote pembeni, akaniambia nichuchumae nisimame. Nikachuchumaa. Kusimama ndiko kulikuwa na maneno.

Lakini jamani, mwili wa binadamu ni kitu cha ajabu, kwa sababu baada ya miezi michache nilikuwa nachuchumaa na kusimama na uzito ambao zamani ningeita mtu anisaidie kuusukuma, na baada ya mwaka nilikuwa nabeba karibu gunia zima la mahindi mabegani, mapaja yamejaa, presha imeshuka, na ngazi za shule nazipanda mbili mbili. Sasa mwanamke anayebeba gunia na pia ana shahada ya Biolojia ni mtu wa kuogopwa, kwa sababu hatabeba tu na kunyamaza. Atafundisha.

Na nilifundisha. Kila saa nne, chai ikiletwa stafrumu, mimi nilikuwa na somo. Niliwaeleza walimu wenzangu kwamba msuli si kitu kimoja, una nyuzi za polepole na nyuzi za kasi. Nikawapa mfano wa kuku wa kienyeji: paja lake ni jekundu kwa sababu anatembea kutwa nzima bila kuchoka, lakini kifua chake ni cheupe, hicho ni cha kuruka ghafla mara moja akiona mwewe, kinajikaza kwa kasi na kwa nguvu halafu kinaishiwa mara moja. Nikawaambia hizo nyuzi za kasi ndizo huanza kutuacha tukizeeka, na kwamba kubeba vyuma huzirudisha, zikanenepa, zikajikaza kwa nguvu zaidi. Yote hayo ni kweli, msinielewe vibaya. Shida ni kwamba nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza nikafunga kitabu.

Aliyekuwa akileta hiyo chai ni Mama Mwende, mpishi wetu, Mkamba wa Kitui, mwanamke wa hamsini na kitu, mfupi, mnene kiasi, leso kiunoni na patipati miguuni. Alikuwa amepikia shule hiyo miaka mingi kuliko mimi nilivyoifundisha, na mwisho wa mwaka huo alikuwa anaacha kazi arudi kwao kumtunza mama yake. Ukimwona akikoroga ugali wa wanafunzi mia nne kwa mwiko mrefu kama jembe ungesema huyu ni mtu wa kusimama mahali pamoja. Lakini kila mwaka wafanyakazi wa shule za eneo letu hukutana uwanjani kule Kajiado kwa siku ya michezo, na kila mwaka akina mama wa shule yetu wakikimbia mbio za kupokezana kijiti, anayemaliza ni Mama Mwende. Anavua patipati, anafunga leso kwa fundo, na huyo anaenda. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za nyuzi.

Mwaka huo tukaitwa mkutano wa kupanga wakimbiaji. Prinsipo wetu, Bwana Koinet, alisema kwa haraka kama mtu anayesoma orodha ya kila siku, "Na Mama Mwende atamaliza kama kawaida." Nami (hapa ndipo ningekuwa nimeuma ulimi mambo yangeishia hapo) nikainua mkono.

"Kwa heshima, Bwana Koinet," nikasema, "tusiende tu kwa mazoea. Kisayansi, mtu akipita arobaini na hafanyi mazoezi ya uzito, misuli ya kasi ndiyo hupungua kwanza. Mama Mwende ako na roho ya kukimbia, hiyo hakuna mtu anakataa, lakini roho si msuli. Mimi nimejenga hiyo misuli mwaka mzima. Zamu ya kumaliza inafaa iwe yangu."

Mama Mwende mwenyewe alikuwa amesimama pale pale mlangoni na birika mkononi, maana nilikuwa nimemsema akiwa hapo kama vile mtu anavyoongea habari za kiti. Bwana Koinet akamwangalia. Akasema, "Mama Mwende, unasema aje?"

"Mwalimu amesoma," akasema. "Mimi nitakimbia popote mtaniweka." Halafu akamimina vikombe viwili vitatu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ni vile tu Mwende wangu anakuja mwaka huu. Huwa ako shule. Hajawahi kuniona nikimaliza."

Niliyasikia hayo maneno. Nataka mjue niliyasikia vizuri sana, sikuwa mbali. Na jibu langu lilikuwa, "Si atakuona tu, hata zamu ya tatu ni kukimbia." Nikachukua kikombe changu.

Jioni yake nikamwambia Lemayian kwa furaha kwamba nimepewa zamu ya kumaliza na zimebaki wiki tano. Hakufurahi vile nilivyotarajia. Akaketi kwenye benchi akaniambia, "Yeyo, sikiza. Hiki chuma kizito kimekupa nguvu, na hiyo ni mzuri. Lakini hizo nyuzi za kasi pia ziko aina mbili. Kuna zenye kasi kabisa, na kuna zenye kasi ya kawaida lakini zinavumilia. Ukibeba kizito kila wakati, zile za kasi kabisa zinajifunza kuvumilia, zinageuka kuwa kama hizo zingine. Ni kama pikipiki ya mbio imeandikwa kazi ya kubeba mawe. Itabeba, itakuwa na nguvu, lakini ule mruko wa kwanza unapungua kidogo."

"Kwa hivyo nimeharibu?"

"Hujaharibu. Zikipumzika zinarudi. Sasa hivi tupunguze uzito, tubebe chepesi lakini kwa haraka, turuke juu ya hili sanduku, na wiki ya mwisho usiguse chuma. Hapo utashangaa."

Huo ulikuwa ushauri wa mtu anayejua kazi yake, na mimi nikafanya nini? Kuruka sanduku nikakataa, kwa sababu ile jimu ilikuwa na wanafunzi wangu wa zamani na sikutaka waone mwalimu wao akirukaruka kama panzi. Kupunguza uzito kulinitia hofu. Mtu akishajisifu anaogopa kupumzika, si mnajua, anaona ni kama kila siku anayolala mapaja yanapungua na watu wanamwona. Kwa hivyo Lemayian akiwepo nabeba chepesi, akiondoka naongeza. Na ile Alhamisi, siku mbili tu kabla ya mashindano, yeye alikuwa ameenda kwao Oltepesi, nikaingia jimu peke yangu nikaweka uzito mkubwa kuliko wowote niliowahi kubeba. Nikajiambia ni seti moja tu, ya kujipa moyo. Nilifanya tano.

Ijumaa asubuhi nilishuka kitandani kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba. Mapaja yalikuwa kama magogo mawili niliyoazimwa. Shuleni nilishuka ngazi za stafrumu kinyumenyume, nikishika ukuta, nikidhani niko peke yangu, kumbe Mama Mwende alikuwa chini pale na sufuria ya maharagwe.

"Mwalimu, ni mguu?"

"Hapana, najinyoosha tu."

Akaniangalia. Huyu ni mtu ambaye amebeba magunia na masufuria maisha yake yote, anajua mwili uliochoka ukoje. Akasema polepole, bila kejeli yoyote, "Kama miguu ni mizito, tunaweza kubadilishana. Mimi sina neno. Na hakuna mtu tutamwambia ni kwa nini."

Jamani, mlango ulikuwa wazi hivyo. Ningesema ndiyo tu. Lakini nilikuwa nimeshawaambia wanafunzi wa kidato cha nne waje waone mada ya misuli kwa vitendo (ndiyo, nilisema hivyo, kwa vitendo), nikamjibu kwa ukali, "Mama Mwende, mimi najua mwili wangu." Akachukua sufuria yake akaenda.

Jumamosi Kajiado kulikuwa na jua na vumbi jekundu, uwanja umejaa, wanafunzi wanaimba, akina mama wanauza viazi karai. Mimi nilikuwa nimevaa suruali mpya ya kubana, ya zambarau, niliyonunua makusudi ili mapaja yaonekane. Karibu na mstari wa kumaliza waliweka meza ya plastiki ya wageni, juu yake kombe na soda, na kwenye mguu wa meza wamemfunga zawadi ya washindi, mbuzi dume mweupe mwenye ndevu. Mwende alikuwa amefika kutoka Machakos anakosomea uuguzi. Msichana mrefu, mtulivu, amemletea mama yake chupa ya maji na taulo ndogo, na ameinua simu tayari ya kurekodi. Mama yake alimleta anisalimie. "Huyu ndiye Madam Njoki, ndiye atamaliza." Akalitaja jina langu kwa heshima kabisa. Msichana akanipa mkono akasema, "Nimefurahi, Madam," lakini macho yake yalimrudia mama yake haraka, na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Firimbi ikalia. Mwalimu wetu wa kwanza akaachwa kidogo, wa pili akaachwa zaidi, Mama Mwende alipopokea kijiti tulikuwa wa tano kwa shule sita. Halafu nikaona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakisikia tu kwa sababu huwa natazama nikiwa nimeketi nyuma na mwavuli. Yule mama alikimbia. Miguu mitupu, leso imefungwa, mikono inakata hewa, kila hatua inagusa chini na kutoka kama mtu anayekanyaga makaa, hana mbwembwe, uso umetulia kama anachagua mchele. Akampita wa nne, akampita wa tatu, kwenye kona akampita wa pili, na wakati ananikaribia alikuwa bega kwa bega na wa kwanza, halafu akampita na yeye pia. Kijiti akakiweka ndani ya kiganja changu taratibu kabisa, kama anavyoniwekea kikombe. "Enda, Mwalimu!" akaniambia.

Nikaenda. Hatua tano za kwanza niliongoza, na hizo tano ndizo furaha yangu yote ya siku hiyo. Nikauambia mwili ukaze, na mwili ukanijibu kama askari wa zamu aliyeamshwa usingizini: ndiyo, nakuja, lakini ngoja kwanza. Nguvu zilikuwepo, nawaapia, ningeinua mtu pale. Kasi ndiyo haikuwepo. Nikasikia miguu ya mtu nyuma, mwalimu mmoja mwembamba wa shule jirani akanipita, na wa pili akanipita, nikasikia wanafunzi wangu wanaimba "Ma-dam! Ma-dam!" na nikaona aibu inakuja, kwa hivyo nikafanya ule ujinga wa mwisho, nikalazimisha mguu wa kulia urushe hatua kubwa ambayo haukuwa nayo.

Kitu kikakatika nyuma ya paja, ta, kama raba iliyovutwa mno. Sikuanguka papo hapo. Ningeanguka papo hapo ingekuwa heri, lakini niliruka kwa mguu mmoja, nikaacha njia yangu, nikavuka njia za wenzangu, nikienda pembeni kama kuku aliyekanyagwa, mkono umeinua kijiti juu, moja kwa moja mpaka kwa meza ya wageni, na nikamwangukia mbuzi. Suruali ya zambarau ikapasuka kwa mshono wa nyuma, na sauti yake niliisikia kuliko sauti ya umati. Mbuzi akalia kama mtu, akaruka, akatoka mbio na meza yote ikimfuata, soda zinamwagika, kombe linabingirika, na kwa vile watu walimzibia huku na huku, njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ya kwetu, akaifuata akavuka mstari wa kumaliza. Mtangazaji, Mungu amsamehe, akasema kwa maiki, "Na nafasi ya nne inachukuliwa na mbuzi!"

Hapo ndipo video mliyoiona inaishia. Sasa nisikilizeni.

Walinibeba kwa wilbaro iliyokuwa ya kubebea chokaa ya kuchora mistari, nikiwa nimefunikwa sweta ya mtu matakoni, wakanilaza chini ya tenti. Paja lilikuwa linawaka. Walimu wenzangu wote walikusanyika, wanafunzi wamechungulia pembeni, na aliyepiga magoti kando yangu kunimwagia maji baridi kwa mguu, akitumia ile taulo ndogo aliyoletewa na binti yake, alikuwa Mama Mwende. Bwana Koinet akafika akihema. "Madam, pole sana. Lakini ilikuwaje? Si tulikuwa wa kwanza?"

Watu wote wakaniangalia. Na mimi, mama wa watoto wawili, mwalimu, mtu wa kusimama mbele ya kanisa kusoma somo, nikafungua mdomo nikasema, "Ni kijiti. Mama Mwende alinipa vibaya. Alinisukuma nikiwa bado sijajipanga, mguu ukateguka pale pale."

Mkono uliokuwa unanipoza paja ukasimama. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia nguzo ya tenti. Nikamsikia akisema, "Pole, Mwalimu. Labda ni mimi. Nilikuja na mbio sana." Halafu mkono ukaendelea kumwaga maji.

Mmeelewa? Nilimsingizia, na yeye akaendelea kunipoza. Mwalimu mmoja akaguna, "Si nilisema huyu mama amezeeka, hii mambo ya kupokezana inataka akili," na mimi sikumrekebisha. Nilikuwa tayari kabisa kuuacha ule uongo usimame hapo na kurudi nao Kitengela.

Ndipo Mwende akapenya katikati ya watu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akasema, "Samahani, walimu. Mimi nilirekodi kutoka mwaitu, mama yangu, aliposhika kijiti. Nilikuwa nataka kumwonyesha nyanya kule nyumbani. Mnaweza kuona." Akampa Bwana Koinet simu.

Wakaangalia wote, vichwa vimeinama pamoja. Mimi nililala pale nikisikia sauti tu: umati, kelele zinapanda wakati Mama Mwende anapita watu, sauti ya Mwende mwenyewe ndani ya simu inapiga kelele "Mwaitu! Mwaitu!" kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake, halafu "Enda, Mwalimu!" Wakairudisha nyuma wakaona tena. Kijiti kilifika kwangu salama kama barua. Nilikimbia hatua nyingi nzuri kabla ya kuumia. Hakuna aliyenisukuma.

Bwana Koinet akarudisha simu. Yule mwalimu aliyeguna akajikuna shingo akaondoka. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wananiangalia, na msichana mmoja wa mbele, mmoja wa wale wa kuandika kila neno ninalosema darasani, akageuza uso. Mama Mwende akakamua taulo, akaikunja, akamwambia binti yake, "Twende tukaangalie mahali mbuzi ameenda." Wakaenda.

Nililala nyumbani wiki tatu, msuli umechanika, mguu juu ya mito. Lemayian alikuja kuniona, amebeba maziwa, akaketi akaniuliza swali moja tu: "Alhamisi uliingia jimu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Yeyo, msuli uliobeba hivyo unachukua siku kadhaa kujitengeneza. Ukiuambia ujikaze haraka kabla haujapona, hauwezi, na ukilazimisha unakatika. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Nikasoma kile kitabu cha misuli mpaka mwisho, kwa sababu kulikuwa na nini kingine cha kufanya. Kila kitu alichosema kilikuwa ndani, tena kimeandikwa waziwazi, kurasa mbili tu baada ya pale nilipoachia: kwamba uzito huongeza nguvu ya nyuzi za kasi na kuzinenepesha, kwamba zile za kasi kabisa hugeuka kidogo zikawa za kuvumilia, kwamba mapumziko huzirudisha. Na nikakuta jambo moja lililonifanya nifunge macho: kwamba mtu anayefanya kazi ya kuinua na kukoroga vitu vizito maisha yake yote, naye pia anafanya mazoezi ya uzito. Mwaka mzima nilikuwa nahubiri habari za misuli mbele ya mwanamke aliyekuwa anainua sufuria ya lita mia asubuhi na jioni, na nikasema mbele ya watu kwamba hana.

Niliporudi shuleni na magongo yangu mawili, nilingoja saa nne. Mama Mwende akaingia na birika. Nikamwomba asiondoke. Nikasimama, nikasema mbele ya walimu wote na Bwana Koinet: "Siku ile ya Kajiado nilimsingizia Mama Mwende. Alinipa kijiti vizuri. Kabla ya hapo aliona nimeumia akataka kunisaidia, nikamkataa. Na kabla ya hapo nilimchukulia nafasi yake kwa maneno mengi. Nilijua ninachofanya. Mama Mwende, naomba unisamehe."

Nadhani nilitarajia aseme "hakuna neno, Mwalimu," ile yake ya kila siku, kisha mimi nilie kidogo, watu wapige makofi, chai inywewe. Hata katika kuomba msamaha nilikuwa nimejiwekea mahali pa kumaliza.

Akaweka birika mezani. Akafuta mikono kwa leso. "Nimekusamehe," akasema, "hiyo nilifanya siku ile ile, kwa sababu kukaa na kitu kama hicho ni mzigo. Na mguu utapona, Mwalimu, bado wewe ni mtoto. Lakini Mwende alikuja kuniona nikimaliza. Mwaka ujao mimi niko Kitui." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu vile mambo yalivyo. Halafu akamimina chai, kikombe changu kwanza kwa vile nilikuwa mgonjwa, akatoka.

Desemba aliondoka kweli. Tulimfanyia sherehe, akapewa blanketi na seti ya masufuria (masufuria! kana kwamba hakuyachoka), na Mwende alikuja kumsaidia kubeba mizigo. Akanisalimia vizuri. Nikamsaidia kufunga gunia kwa kamba.

Mguu wangu umepona. Bado naenda kwa Lemayian, na akisema ruka sanduku naruka, hata wanafunzi wangu wakiwepo, na akisema lala nyumbani nalala. Hiyo si kazi, hiyo mtu yeyote anaweza kujifunza. Lililo gumu ni lile nililoapa mbele za Mungu nikiwa nimeshika hayo magongo: kwamba sitachukua tena nafasi ya mtu kwa sababu tu mdomo wangu unajua maneno kuliko wake, na kwamba nikianguka nitasema nimeanguka. Mashindano ya mwaka huu waliniuliza kama nitakimbia. Nikasema nitashika maji. Tulimaliza wa mwisho.